Aanze Darasa la Ngapi?

Mwaka 1957, katika baadhi ya shule za watoto wa Kihindi mjini Nairobi, mkaguzi wa kizamani angefungua mlango wa darasa la kwanza akadhani mwalimu hayupo. Madawati hayakupangwa safu, wala watoto hawakukunja mikono. Walikaa vikundi vikundi: hawa wanapanga kadi za picha, wale wanahesabu vizibo, wengine wanacheza duka, mmoja muuzaji na mwenzake mnunuzi. Mwalimu alikuwa katikati yao, anainama meza hii, anachutama pale, na muda wote anasema nao Kiingereza. Nyumbani kwao watoto hao walisema Kigujarati, Kikachi, Kipunjabi au Kiurdu. Waliagana na mama zao kwa lugha moja, na nusu saa baadaye walikuwa wanahesabu kwa nyingine.

Shule za Wahindi zilikuwa na tatizo ambalo kila mwalimu wa mjini analijua. Darasa moja lina watoto wa lugha nne, na lugha yoyote utakayoichagua utakuwa umewaacha wengine nje. Zilizoanza kwa Kigujarati zililazimika baada ya miaka michache kuhamia Kiingereza, na kuhama huko kulikuwa kuvuka mto usio na daraja: mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu jana, leo hajui anaulizwa nini. Wizara ya Elimu ya Kenya ikafungua Kituo Maalumu hapo Nairobi, kikapewa kazi ya kutafuta namna ya kumwanzisha mtoto kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Wakuu wa kituo hawakuanza kwa kutoa amri. Walianza na madarasa machache, wakawafunza walimu wa madarasa hayo, wakawaandalia masomo na zana, kisha wakawa wanaingia darasani kutazama kipi kimeshika na kipi kimeponyoka. Katika kazi hiyo vikazaliwa vitabu vya mfululizo wa Peak, na mbinu yenyewe ikapewa jina la New Primary Approach. Walimu wa Kenya wakaifupisha: NPA.

Nimeanzia hapa kwa sababu katika historia yote ya kumfundisha mtoto wa Afrika Mashariki Kiingereza, ni mara chache sana mwalimu amepewa kila alichohitaji kabla ya kudaiwa matokeo. Na ndiyo maana kilichofuata kinauma. Lakini ili tuelewe kwa nini wazazi wa Kiafrika waliipokea NPA kwa mikono miwili, inabidi turudi nyuma karibu miaka mia, mpaka Mombasa, mahali ambapo watu wa mji hupaita Kengeleni.

Kengele iliyopapa mahali hapo jina ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa watoto. Walitoka bara, wengine mbali kusini huko Nyasa, na kila mmoja alikuja na lugha yake, ikiwa umri wake ulitosha kuikumbuka. Kati yao Kiswahili kilienea haraka, kama kilivyoenea kila walipokutana watu wa namna nyingi. Kiingereza kilikuja kwa mwalimu. Na baadhi ya walimu hao hawakuwa Wazungu. Tangu mwaka 1864 walikuwapo Mombasa na Rabai wanaume kama William Jones, Ishmael Semler na George David, Waafrika ambao nao walikuwa wametekwa wakiwa wadogo, wakaokolewa na manowari za Waingereza baharini, wakapelekwa India na kulelewa katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Jacob Wainwright, aliyeusindikiza mwili wa Livingstone mpaka Uingereza mwaka 1874, alilelewa hukohuko.

Nawafikiria sana watu hawa. Kwao Kiingereza hakikuwa somo la dakika arobaini. Kilikuwa lugha ya chakula, ya sala, ya kufundishwa useremala, lugha ya watu waliobaki badala ya mama na baba. Walikijua vizuri kwa sababu walilelewa ndani yake. Hakuna anayeweza kuitamani shule ya namna hiyo kwa ajili ya mwanawe, lakini lililotokea huko ni kweli: mtoto hushika lugha pale anapoishi ndani yake. Kila mpango uliokuja baadaye ulikuwa unajaribu kupata matunda ya Nasik kwa vipindi vichache kwa wiki.

Ng'ambo ya bahari, Unguja, wamisionari wa UMCA walikuwa na shule yao Kiungani, na askofu wao Edward Steere alishika njia nyingine. Alichapa vitabu vya Kiswahili, akatunga mwongozo wa lugha hiyo uliotoka mwaka 1870, akaamini kwamba Injili itaingia moyoni kwa lugha ya watu. Wajerumani walipokuja kutawala Tanganyika walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, nao wakaitumia lugha hiyohiyo, maana walihitaji makarani na maakida wanaoelewana na kila wilaya. Hivyo Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walikuta Kiswahili kimekwisha kukaa ofisini. Tofauti ya Tanzania na Kenya tunayoizungumza leo ilikuwa imechorwa kabla hata mtu hajafikiria kuwa na wizara ya elimu.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya elimu huliruka. Mtoto wa pwani alikuwa amekwisha kujifunza lugha ya kigeni kabla ya mmisionari kufika. Alikwenda chuo cha Kurani akiwa na miaka mitano au sita, akakaa chini mbele ya mwalimu, akaanza alifu, be, te, na baada ya muda akawa anasoma maneno ya Kiarabu kwa sauti pamoja na wenzake, ingawa hajui maana. Chuoni hilo lina sababu yake: kusoma kwenyewe ni ibada, na maana itakuja kwa ukubwa. Tatizo lilitokea mazoea hayo ya kuitikia kwa pamoja yalipohamia katika somo la Kiingereza. Mwalimu anasema, darasa linaitikia. Anasema tena, wanaitikia tena. Sauti hamsini zinatoka kama sauti moja, na ndani ya sauti hiyo kuna mtoto anayefungua mdomo tu. Ibada hukubali kukariri, lakini mazungumzo yanataka mtu ajibu lake.

Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey, mwalimu mzaliwa wa Gold Coast. Tume ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha yake katika madarasa ya chini, na Kiingereza kije juu. Serikali ya London ilifuata mkondo huohuo. Kwa upande wa ufundishaji ushauri ulikuwa mzuri, na utafiti uliofuata umezidi kuutia nguvu. Lakini tume hiyohiyo ilisisitiza pia kilimo na kazi za mikono kuwa ndiyo elimu imfaayo Mwafrika, na mzazi aliyesikia mambo hayo mawili yakitoka katika mdomo mmoja aliyaunganisha. Aliona mshahara wa karani uko kwa Kiingereza. Aliona mahakama, benki na ofisi ya bwana shauri viko kwa Kiingereza. Kisha anaambiwa mwanawe abaki na lugha ya nyumbani na jembe. Alihisi kwamba mlango unafungwa taratibu, kwa adabu.

Hakuna mahali ambapo hisia hiyo ilizaa matendo kama Ukikuyuni. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kati ya makanisa na Wakikuyu juu ya kutahiriwa kwa wasichana, watu walijitoa katika shule za misheni wakaanzisha zao, chini ya vyama viwili, kile cha shule huru na kile cha Karing'a. Walichanga mbao, mabati na mishahara ya walimu. Miongoni mwa madai yao ya kudumu lilikuwemo hili: Kiingereza kianze mapema zaidi ya serikali inavyotaka. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyesoma Marekani, alifungua chuo cha walimu Githunguri, na Jomo Kenyatta akaja kukiongoza aliporejea kutoka Uingereza. Kwa wazazi wale Kiingereza hakikuwa ishara ya kumpenda mkoloni. Kilikuwa silaha ya kumjibu. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 nyingi ya shule hizo zilifungwa, na zilizobaki zikachukuliwa na serikali.

Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi wa mojawapo ya shule hizo, Manguuo, huko Limuru. Katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, anasimulia jinsi mambo yalivyogeuka baada ya mwaka 1952. Aliyekamatwa akisema Kikuyu karibu na shule alichapwa viboko au akavikwa shingoni kibao cha kumdhalilisha. Ili kuwapata wakosaji, kifungo cha nguo kilikabidhiwa mtoto mmoja asubuhi, naye akampa yeyote atakayemsikia akisema lugha ya mama, na huyo akampa mwingine, hadi jioni. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku alitaja aliyempa, na huyo akamtaja mwingine, mpaka wakosaji wote wa siku hiyo wakajulikana. Watoto walifunzwa kusalitiana ili wapate kujifunza lugha.

Kifungo kile hakikufa na ukoloni. Kilibadilika kikawa diski, kikawa kibao, na kikaendelea kuzunguka katika shule nyingi za nchi zetu huru, nyingine za kulipia ada kubwa. Ninalisema hili kwa uchungu. Mtoto wa miaka saba anayeogopa kuvikwa kibao hasemi Kiingereza zaidi, ananyamaza. Kunyamaza ndiko kunakoiua lugha ya pili, kwa sababu lugha ya pili hujengwa kwa makosa yanayosemwa kwa sauti na mtu mzima mwenye subira akayasikia.

Na makosa yenyewe hayaepukiki. Mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili, herufi humtii. A ni a popote atakapoikuta. Akishazijua ma, me, mi, mo, mu amekwisha kufunguliwa ghala zima, na baada ya miezi michache ataweza kutamka hata neno asilojua maana yake. Kisha anafungua kitabu cha Kiingereza. Herufi ileile ya a anaambiwa jina lake ni ei, e inaitwa ii, na i iliyokuwa i inaitwa ai. Katika cat ile a inatoa sauti moja, katika cake nyingine, katika car nyingine tena. Halafu inakuja k ya knife, iliyoandikwa na isiyotamkwa. Mtoto aliyezoea kuyaamini maandishi anagundua kwamba maandishi haya hayaaminiki, na mwalimu asipomweleza kuwa kasoro iko kwenye tahajia ya Waingereza, atadhani kasoro iko kichwani mwake.

Ulimi nao una desturi zake. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa vokali, kwa hiyo desk hutaka kuwa deski. Kisha kuna he na she. Sisi tunasema anakuja, awe baba, awe mama, na mtoto akisema he kwa ajili ya mama yake hajakosa akili, amefasiri vizuri kutoka lugha isiyotenga. Mwalimu anayejua Kiswahili na Kiingereza vyote viwili anaona kosa hilo linatoka wapi na analirekebisha kwa sentensi moja. Asiyejua Kiswahili anaona uzembe. Na anayejua Kiingereza cha kitabuni tu huwa na hofu ya kuulizwa, kwa hiyo anarudi kwenye usalama wa kuitikia: good morning, teacher, sit down, class.

Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya Kituo Maalumu. Kiliuondoa ulazima wa mwalimu kubuni kila kitu. Mwongozo ulimwambia leo utasema nini, utaonyesha nini, watoto watafanya nini kwa mikono yao. Neno cup halikuandikwa ubaoni likaimbwa. Kikombe kilikuwa mezani, kikajazwa maji, kikamwagwa, kikavunjika pengine, na Kiingereza kikafuata kitendo. Taarifa za matokeo zilikuwa nzuri mno. Watoto walisoma, waliongea bila haya, wageni walioletwa kutazama waliondoka wamependezwa. Wazazi wa Kiafrika wakauliza swali la haki: kwa nini wa Wahindi tu?

Januari 1961, huku madarasa ya kwanza ya Waafrika yakianza kuandaliwa, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Kampala, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mkutano huo uliacha alama kubwa katika mitaala ya Afrika nzima. Miaka thelathini na mmoja baadaye, mwaka 1992, Robert Phillipson alizikusanya imani tano zilizojengeka pale akazipinga moja moja katika kitabu chake Linguistic Imperialism. Ya tatu ndiyo inayotuhusu: kwamba kadiri mtoto anavyoanza Kiingereza mapema ndivyo atakavyokijua zaidi. Ilipokelewa bila ubishi kwa sababu ilifika kwa watu waliokuwa nayo tayari. Samaki mkunje angali mbichi, wazee wetu walisema, na nani angesimama mbele ya methali hiyo akaleta hoja?

Lakini methali inamwangalia samaki, haimwangalii mkunjaji. Ni kweli sikio la mtoto mdogo hunasa sauti kuliko la mtu mzima. Ni kweli pia kwamba hufanya hivyo akizungukwa na lugha kutwa nzima. Mkalishe katika kipindi cha nusu saa, pamoja na wenzake sabini, mbele ya mwalimu mwenye sentensi ishirini za Kiingereza, na mtoto wa miaka kumi aliyekwisha kujua kusoma kwa lugha yake atampita mbio. Waliokuwa Nairobi mwaka 1957 walikuwa wamefanikiwa kwa sababu ya mwalimu, zana na uangalizi. Waliotazama kutoka nje waliona darasa la kwanza na Kiingereza, wakachukua hivyo viwili.

Desemba 1963 Kenya ikawa huru, na tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ikaanza kusikiliza maoni. Wengi waliofika mbele yake walitaka Kiingereza. Ripoti ya mwaka 1964 ikapendekeza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza nchi nzima, Kiswahili kiwe somo, na lugha za mama zipewe kipindi cha hadithi. Sababu zilizotolewa zilikuwa za busara kwa namna yake: kuanza mapema kungeuondoa ule mto usio na daraja wa darasa la nne, na taifa la makabila mengi lingekuwa na lugha isiyo ya kabila lolote. Baada ya hapo NPA ikaenda kasi. Madarasa yaliyokuwa ya kuhesabika kwa vidole yakawa maelfu kabla muongo haujaisha.

Yalikwenda madarasa, vitu vilivyoyafanya yawe madarasa vikabaki nyuma. Kozi ya mwalimu ikafupishwa. Kadi zilizotakiwa ziwe seti kwa kila kikundi zikawa seti moja ndani ya kabati la mwalimu mkuu, na kabati limefungwa. Meza za vikundi hazikuwepo, madawati yakarudi safuni. Mwalimu ambaye yeye mwenyewe alikutana na Kiingereza darasa la nne au la tano akatakiwa kuendesha hesabu, sayansi na nyimbo kwa lugha hiyo mbele ya watoto waliotoka boma moja na yeye, wanaosema lugha yake, na ambao angewaelewesha kwa dakika moja lau angeruhusiwa. Wengi walijiruhusu wenyewe, mlango ukishafungwa. Siwalaumu. Nafikiri walikuwa wakiwaokoa watoto.

Kufikia mwaka 1976 tume nyingine, ya Gachathi, ilipendekeza kurudi: miaka mitatu ya mwanzo ifundishwe kwa lugha ya eneo, Kiingereza kiwe somo. Ndiyo sera ambayo Kenya imeishika tangu hapo, kwa maandishi angalau, maana mijini wazazi na walimu walikwisha kukata shauri lao.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Kenya ikajaribu jambo ambalo naliona ni zuri kuliko sifa lilizopata. Liliitwa Radio Language Arts Project, na matangazo yake English in Action. Shule za vijijini zilipewa redio, na kila siku ya shule, kwa nusu saa, watoto wa madarasa matatu ya kwanza walifundishwa Kiingereza na sauti kutoka hewani. Siri ilikuwa katika ukimya. Mtangazaji aliuliza swali, kisha akanyamaza sekunde chache, na katika nafasi hiyo darasa lilijibu. Kisha akatoa jibu sahihi, kana kwamba amewasikia. Akawaambia wasimame, waguse mlango, wamwonyeshe mwenzao kitabu. Mwalimu aliyekuwa ukutani hakuwa mtazamaji. Alikuwa anajifunza pamoja nao, naye hakuna aliyemwaibisha. Walipopimwa, watoto hao waliwazidi wenzao, hasa katika kusikiliza. Mradi ulikwisha katikati ya muongo.

Tanzania wakati huo ilikuwa imechukua barabara nyingine. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, na Kiingereza kikabaki somo. Mtoto wa Newala na wa Bukoba walifundishwa hesabu kwa lugha wanayoielewa, na hilo ni jambo kubwa ambalo nchi nyingi za Afrika hazikulipata. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, la kumpeleka kila mtoto shuleni. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliongezeka zaidi ya mara mbili katika muda wa miaka minne. Walimu walitafutwa popote, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa kazini. Walifanya kazi ya kishujaa. Lakini kipindi cha Kiingereza kilipofika, walitakiwa kufundisha lugha ambayo hawakuwahi kuisikia ikizungumzwa na mtu anayehitaji kitu kwa lugha hiyo.

Na juu ya shule hiyo ya msingi ilikaa sekondari iliyobaki kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiendelee mpaka sekondari na chuo kikuu, serikali haikukubali. Kwa hiyo ule mto uliowasumbua Wahindi wa Nairobi ulihamia Tanzania, ukawekwa kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza, mpana zaidi. Wazazi wenye uwezo wakaanza kuwavusha watoto wao kwa kuwapeleka shule za bweni Kenya na Uganda, wengine wakiwa hawajang'oa meno ya utoto. Sera ya mwaka 1995 ilipowafungulia milango watu binafsi, shule za Ingilishi midiamu zikachipua mjini kama uyoga wa masika, na shule ya serikali ikapata jina la mtaani, kayumba. Siku hizi mtoto wa kayumba na wa midiamu hukutana uwanjani jioni, wakacheza chandimu kwa Kiswahili kilekile, na asubuhi wakaenda katika nchi mbili.

Somo lenyewe la Kiingereza katika kayumba limekuwa likipandishwa na kushushwa kama bendera. Katika miaka ya 2000 lilianzia darasa la kwanza. Mwaka 2015 likasogezwa la tatu, ili mtoto kwanza amalize KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili. Mitaala ya mwaka 2023 ikalirudisha la kwanza. Kila uamuzi ulikuwa na watetezi wenye nia njema. Kila mara, mjadala uliokwenda redioni na bungeni ulikuwa juu ya namba ya darasa.

Rwanda ilipita njia hiyo kwa kasi ya kushangaza. Mwaka 2008 iliamua kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, wakati walimu wake wengi walisomeshwa kwa Kifaransa. Mwaka 2011 ikarudisha Kinyarwanda kwa madarasa matatu ya mwanzo. Mwishoni mwa 2019 ikatangaza Kiingereza tena tangu la kwanza. Mwalimu aliyeanza kazi mwaka 2007 amebadilishiwa lugha mara tatu kabla mwanawe wa kwanza hajamaliza shule ya msingi.

Kuna jaribio moja la Nigeria ambalo ningependa lijulikane zaidi kwetu. Mwaka 1970 Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife waliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi. Kiingereza kilikuwa somo tu, lakini katika madarasa ya jaribio kilipewa mwalimu wake maalumu, anayekijua na asiye na kazi nyingine. Watoto hao walipomaliza hawakuwa nyuma ya wenzao waliobadilishiwa lugha njiani, hata katika Kiingereza chenyewe.

Na Kenya, mwaka 2015, ilianza mpango wa Tusome wa kuwafundisha watoto wa madarasa matatu ya mwanzo kusoma Kiswahili na Kiingereza. Ukiutazama vizuri utaona mzimu wa Kituo Maalumu umerudi: mwongozo wa kila siku kwa mwalimu, kitabu kwa kila mtoto badala ya kimoja kwa wengi, na ofisa anayekuja kukaa nyuma ya darasa akiwa na kishikwambi, amsikilize mtoto akisoma, kisha azungumze na mwalimu faraghani juu ya alichoona. Hilo la mwisho ndilo nililolipenda. Mwalimu aliyetembelewa kwa ajili ya kusaidiwa, si kukaguliwa, huthubutu.

Januari 2024 watoto wa Tanzania waliingia darasa la kwanza chini ya mitaala mipya. Vidole vyao vilikuwa bado vinajifunza kushika penseli wima. Ndani ya wiki hizo za mwanzo walianza kuambiwa kwamba a ni a katika kipindi kimoja, na ei katika kinachofuata. Walimu wao wengi ni wajukuu wa darasani wa wale vijana waliofunzwa kazini baada ya Musoma: walifundishwa Kiingereza na watu waliofundishwa na vijana hao. Shule ya msingi sasa ni miaka sita, kwa hiyo watoto hao watamaliza mwaka 2029. Mwaka 2030 wataingia kidato cha kwanza, na siku hiyo mwalimu wa biolojia atageukia ubao, aandike kichwa cha somo kwa Kiingereza, kisha awatazame aone nani ameelewa.